Kavera na samaki wa moshi: hewa si adui yako

Wiki iliyopita nimeambiwa tena, safari hii kwenye mwalo wa Panyimur, Ziwa Albert. Mama mmoja alikuwa akifungasha samaki wa moshi wa kupeleka Arua. Kila samaki kavera lake, yaani mfuko wa plastiki, analiminya hewa itoke, kisha anapiga fundo mbili. Nikamuuliza kwa nini. "Mwanangu, hewa ndiyo inayoozesha samaki. Akifungwa hivi, hata mwezi unapita." Kavera la kwanza lilikuwa limeshatoa jasho, matone yanateremka mgongoni mwa samaki.

Mimi ni afisa afya, kazi yangu ni kukagua chakula, na maneno haya nimeyasikia kiasi cha kutosha. Nzi, sawa, kavera linawazuia. Vumbi pia. Lakini bakteria wa botulismu (ugonjwa wa sumu ya chakula unaolegeza misuli), Clostridium botulinum, ni kinyume cha viumbe unaowajua: hewa ndiyo inayomkwamisha. Makao yake ni udongo, matope ya ziwa na matumbo ya samaki, na huko hukaa akiwa spora, kama mbegu yenye ganda gumu, amelala. Spora hizo hazishtuki kwa moto wa jiko. Viwanda vya makopo huziua kwa nyuzi 121 ndani ya mtungi wa mgandamizo, na banda lako la moshi halina uwezo huo.

Spora huamka zikipata mahali pasipo hewa, penye unyevu na joto, pasipo chumvi nyingi wala uchachu. Sasa mwangalie samaki wa yule mama. Nje amekauka, lakini ukimbonyeza ubavuni kidole kinazama. Kafungwa angali vuguvugu. Hewa imeminywa. Anasubiri gari juani. Tena moto ule ule umewaua bakteria wa kawaida, wale ambao wangetoa uvundo wakakuonya. Umemtandikia mgeni kitanda na majirani umewafukuza!

Wenye pesa Kampala wana mashine za kuvuta hewa kwenye pakiti, wanaona wameendelea. Mwaka 1963 huko Marekani, samaki wa moshi waliofungwa kwa mtindo huo na kusafirishwa bila barafu waliua watu. Pakiti kama hiyo inataka baridi kali toka mwanzo hadi mwisho, na umeme wetu mnaujua. Hapa kwetu Uganda nako, mwaka 2008 wanafunzi watatu wa shule ya bweni walipata botulismu. Kilichoshukiwa ni kitoweo cha nyumbani kilichowekwa kwenye mafuta. Mafuta nayo hufunika chakula hewa isifike.

Kwa hiyo ushauri wangu hauna mashine. Mpasue samaki mgongoni, utumbo wote utoke kabla hajaona moshi. Mkaushe mpaka ukimkunja avunjike. Mwache apoe kabisa, kisha mpange kwenye tenga au karatasi ya kaki. Mukene, yaani dagaa, waliokaushwa vizuri juu ya vichanja sina ugomvi nao kwa ugonjwa huu. Mchanga ndani yake ni kesi nyingine.

Kuna na maneno mengine ninayoyasikia. "Chumvi inaua kila kitu." Chumvi ya kunyunyiza hubaki juu ya ngozi. Ili imzuie bakteria huyu ni lazima maji yaliyomo ndani ya nyama yenyewe yafikie chumvi ya asilimia 10 hivi, na samaki mwenye utumbo haifiki huko kwa wakati. Misri wanajua sana kutia samaki chumvi, lakini mwaka 1991 watu 91 walilazwa kwa kula fesikh, samaki wao wa chumvi aliyechachuliwa, na 18 wakafa.

"Hana harufu, hana neno." Sumu hii haina harufu wala ladha. Pua yako iachie kazi nyingine.

"Nikichemsha, yameisha." Nusu kweli. Sumu yenyewe huharibika kwa nyuzi 85 kwa dakika tano, na nadhani supu ya odi (karanga na simsim zilizosagwa) inayotokota jikoni kwetu imetuokoa mara nyingi bila sisi kujua. Spora hazifi. Kwa hiyo samaki chemsha dakika kumi kamili ndipo ule, na usichemshe leo ukafunga ndani ya kavera kwa ajili ya Jumapili. Samaki anayetafunwa mkavu kwenye basi, bila kuchemshwa, ndiye anayenitia wasiwasi.

"Amerogwa" au "ni kiharusi." Ugonjwa ni nadra, hata wahudumu wa afya huupita. Kwa kawaida huanza saa 12 hadi 36 baada ya kula: mtu anaona vitu viwili viwili, kope zinalegea, mdomo unakauka, maneno yanaburuzika, kumeza kunashindikana. Kisha udhaifu unashuka mabegani, mikononi, kifuani. Hana homa, na akili yake iko timamu. Kiharusi mara nyingi hukamata upande mmoja. Huu unakamata pande zote mbili.

"Mpe maziwa, yanaua sumu." Hili ndilo la hatari zaidi kati ya maneno haya. Asiyeweza kumeza ukimnywesha maziwa, yataingia mapafuni. Usimpe kitu mdomoni. Mkimbize hospitali kubwa yenye mashine ya kupumulia, kwa sababu misuli ya kupumua ikichoka hana muda, na dawa ya kuzuia sumu husaidia ikitolewa mapema. Ukiondoka nyumbani, chukua samaki aliyebaki pamoja na kavera lake ili vipimwe, na uwataje wote waliokula naye sahani moja.