Je, hewa chafu inaweza kumfanya mtu adanganye?

Hewa chafu huleta kikohozi na pumu, hilo tunalijua. Uadilifu umeingiaje hapo?

Mapafu ni mlango tu. Chembe laini za moshi, zile za PM2.5, ni nyembamba kuliko unywele kwa zaidi ya mara 20, hivyo hupenya hadi kwenye damu. Huko Shanghai, vyumba vya wanafunzi 55 wa chuo viliwekewa mashine za kuchuja hewa, kisha za bandia zisizochuja chochote, au kinyume chake. Hewa ilipokuwa chafu zaidi, kotisoli na homoni nyingine za msongo zilipanda. Na mtu mwenye msongo huenda akajifikiria yeye kwanza. Haki ya mwenzake ikasubiri.

Lakini kuna ushahidi wa vitendo, au ni nadharia tu?

Upo, na ninaouamini zaidi umetoka Chicago. Watafiti walilinganisha pande mbili za barabara kuu ileile, siku ileile. Upande uliopelekewa moshi wa magari na upepo ulikuwa na uhalifu wa kutumia nguvu mwingi kidogo kuliko wa pili. Upepo haujui nani maskini nani tajiri, na kesho hugeuka. Ndiyo maana ni vigumu kusingizia umaskini au polisi wachache.

London nako uhalifu uliongezeka siku za hewa chafu, ila huko zaidi ni wizi mdogo wa madukani na mifukoni. Chicago wizi haukuongezeka. Matokeo hayalingani kikamilifu, na si vibaya kulisema.

Vipi kuhusu udanganyifu wa kawaida?

Mwaka 2018 kulichapishwa majaribio ambamo watu walitazama picha ya mji wenye moshi au mji safi, wakajiwazia wanaishi pale. Waliopewa mji wa moshi walidanganya zaidi ili wapate malipo. Kumbuka, hawakuvuta moshi wowote! Watafiti hao walihusisha matokeo hayo na wasiwasi.

Kwa hiyo mwizi ajitetee kwa moshi?

Hapana. Ongezeko linalopimwa ni dogo, asilimia chache. Halionekani kwa mtu mmoja, huonekana mji mzima ukihesabiwa.

Nifanye nini siku ya moshi mzito?

Funga madirisha yanayotazama barabara, tumia kichujio kama unacho, fanyia mazoezi ndani. Ugomvi unaoweza kusubiri, uache usubiri hadi hewa itulie.