Metodi tuli ya Java haibatilishwi, inafichwa tu

Wengi wanaojifunza lugha ya programu ya Java huamini kwamba klasi ndogo ikiandika upya metodi tuli (static, yaani ya klasi yenyewe, si ya objekti) ya klasi mama, imeibatilisha (override), kama ilivyo kwa metodi za kawaida. Sivyo. Imeificha tu.

Tuseme klasi Mnyama ina metodi tuli lia() inayochapisha "kimya". Paka anamrithi Mnyama, na lia() yake, tuli vilevile, inachapisha "nyau". Sasa andika:

Mnyama m = new Paka();
m.lia();

Hutaona nyau. Kompaila, inayotafsiri msimbo kabla haujaendeshwa, imetazama aina ya kigeu m, yaani Mnyama, ikamaliza kazi papo hapo. Objekti yenyewe haikuulizwa chochote. Huamini? Weka null (yaani hakuna objekti) badala ya new Paka(). Bado itachapisha "kimya", bila kosa lolote! Ndiyo maana mimi huandika Mnyama.lia() waziwazi. (Lugha ya C# hata haikupi hiari: kuita metodi tuli kupitia objekti haikubali.) Na ukibandika @Override, alama ya kusema metodi hii inabatilisha ya klasi mama, juu ya lia() ya Paka, kompaila ya Java inagoma.

Python ni habari nyingine kabisa. Yenyewe huitafuta metodi programu ikiwa inaendeshwa, ikianzia kwenye klasi ya objekti, kwa hiyo huko m.lia() ingetoa nyau.