Eti "pesa hatutoi, tutaleta vitu"

Jamani kuna sentensi moja nimeisikia tena wiki hii, nikaona sasa niandike tu yaishe: "Sisi pesa hatutoi, pesa zinaliwa, sisi tutaleta vitu." Safari hii ni watu wa ofisi moja hapa mjini, wamechangishana hela nzuri tu, wakaingia supamaketi wakatoka na katoni za biskuti, juisi za boksi, sukari ya paketi za nusu nusu kilo na viroba vya sembe vya kilo tano. Wamekuja, wameimba na watoto, wamepiga picha, wameondoka. Mimi ndo ninayenunua chakula cha kituo, kituo kidogo tu cha watoto hapa Dar, na kwa hela ile ile ningelisha nyumba nzima kwa wiki kadhaa, sasa tumelisha furaha ya alasiri moja.

Nianze na hoja ya wizi maana ndo inayowapa watu kiburi. Kitu kinaibika kirahisi kuliko hela. Hela iliyoingia kwenye lipa namba ya kituo ina meseji, ina saa, ina jina la mtumaji, na kama wahusika wamejipanga haitoki mpaka watu wawili waidhinishe. Kiroba cha sukari hakina meseji. Kinaingia stoo saa kumi jioni, usiku kinatoka na bodaboda, ukiuliza unaambiwa watoto wamekunywa chai. Kama humwamini mkurugenzi kwa hela unamwaminije kwa ufunguo wa stoo? Ukitaka kujua kituo ni cha kweli uliza leseni, Sheria ya Mtoto ya 2009 inataka makao ya watoto yawe na leseni na watu wa ustawi wa jamii wanayajua, omba daftari la stoo, halafu ibuka siku ambayo hukutangaza, saa ya chakula, ukaangalie sufuria. Hilo nimemaliza.

Kinachonikera hasa ni ile imani iliyojificha chini yake, kwamba kununua ni kununua, kwamba kilo ya maharage ni kilo ya maharage popote utakapoichukua na yeyote atakayeichukua. Wee!

Twende taratibu. Kwanza kipimo. Sokoni wengine wanakupimia kwa mizani, wengine kwa sado, wengine kwa debe. Sado ni kopo la rangi, na kopo la rangi lina kitako, na kitako kinaweza kubonyezwa kwa ndani vizuri kabisa mpaka ukiona kichuguu juu unafurahi kumbe chini umeshaliwa. Mimi sado naigeuza kwanza, naitazama kitako, muuzaji akinuna najua nimefika pabaya. Mizani nayo natafuta stika ya Wakala wa Vipimo, na kabla ya mzigo natazama kama mshale umelala kwenye sifuri. Gunia ukiambiwa ni gunia usikubali, uliza kilo. Kisheria gunia la mazao halitakiwi kuzidi kilo 100, lumbesa, lile gunia linaloshindiliwa mpaka linazidi kipimo, ilipigwa marufuku kwa sababu inamwibia mkulima, ila huku mjini kuna kinyume chake ambacho hakuna anayekipigia kelele, gunia la "kilo 100" lililopungua njiani sijui lilipungulia wapi.

Sasa tufike penyewe, pale ambapo hata wenzangu wa manunuzi tunabishana. Unafuu wa chakula cha watu wengi haupo kwenye bei ya kilo, upo kwenye sahani. Chukua mchele. Mchele mpya kabisa, wa mavuno ya juzi, unanukia, unang'aa, na ukiupika unashikana wenyewe kwa wenyewe, sufuria haijai. Mchele uliokaa miezi kadhaa unakunywa maji zaidi, unavimba, kilo ile ile inatoa sahani nyingi. Mama wa jikoni kwetu akiingiza mkono kwenye mfuko tu anakwambia huu utajaa au hautajaa, na bado hajawahi kunidanganya. Kwa hiyo mchele wa bei juu kidogo lakini wa zamani unaweza kuwa rahisi kuliko ule mpya wa bei ya chini, na hakuna lebo ya supamaketi itakayokwambia hivyo.

Maharage ni kinyume chake kabisa, na hapa ndo watu wanaumia. Maharage yaliyokaa sana hayaivi. Unayachukua kwa bei ya kutupa, unayaloweka usiku kucha, unayachemsha kuanzia asubuhi, saa sita yako vile vile kama kokoto, mtungi wa gesi unalia. Ile hela uliyookoa kwenye kilo imekwenda yote kwenye moto na watoto wamechelewa kula. Mimi naomba punje chache nazing'ata, nikiona ngumu kupita kiasi na ganda limefifia rangi naondoka, hata kama ni kablanketi, ile aina ya maharage inayopendwa, safi kwa macho. Najua si kipimo cha maabara. Kuna siku meno yanasema ndiyo na sufuria inasema hapana, haswa kama mtu amechanganya ya mwaka huu na ya mwaka jana, na hapo sina dawa.

Mahindi sasa. Kuanzia Juni mpaka Agosti mzigo wa nyanda za juu kusini unashuka mjini, bei inalegea, halafu Januari mpaka Machi inapanda. Kila mtu anajua. Basi kila mwaka atatokea mshauri wa bure, "si mnunue yote Julai muweke?" Sawa mheshimiwa, niweke wapi? Mahindi yakikaa vibaya kuna fukusi, kuna dumuzi, yule ambaye wazee wanamwita skania, anageuza gunia kuwa vumbi. Ile mifuko ya PICS ya kuhifadhia nafaka, ya tabaka tatu, inasaidia kweli, wadudu wanakosa hewa wanakufa, lakini panya akitoboa tundu moja hewa imeingia, na nyumba za Dar hizi panya ana chumba chake. Na yakikaa na unyevu kuna sumukuvu, sumu inayotoka kwenye ukungu, ambayo 2016 iliua watu Dodoma na Manyara, na haitoki kwa kupika. Mahindi yenye ukungu hata ukinipa bure sichukui, msinune. Kwa hiyo nanunua ya miezi michache, nasagisha kidogo kidogo, maana dona halikai, kiini chake kina mafuta, linachacha. Kama ninapata faida kweli nikitoa nauli, mifuko na kilichoharibika? Nadhani ndiyo. Mwaka ambao bei haikupanda sana sina uhakika kabisa, na sijaona mtu wa kituo kidogo aliyepiga hiyo hesabu mpaka mwisho bila kujipendelea.

Kitu ambacho nina uhakika nacho ni kwamba yote haya yanahitaji hela iwepo siku ambayo bei ipo. Desemba na mwezi wa Ramadhani stoo inafurika mpaka tunapanga juisi chini ya vitanda. Februari, ada za shule zimewamaliza watu, kimya. Elfu tano ya kila mwezi kutoka kwa mtu mmoja msahaulifu ina thamani kwangu kuliko gari zima la Krismasi.

Tatizo lingine ambalo wafadhili hawalisemi ni risiti. Kampuni inataka risiti ya EFD, ile inayotoka kwenye mashine ya kodi, na mama anayeuza maharage chini ya mwavuli hana hiyo mashine, kwa hiyo mhasibu anaona salama zaidi kulipa bei ya supamaketi yenye karatasi kuliko bei ya sokoni isiyo na karatasi. Ndo maana mnaleta vitu ghali jamani, si roho mbaya, ni karatasi. Kwetu tunaandika kwenye daftari: tarehe, kitu, kilo, bei, jina na namba ya muuzaji, anasaini, na napiga picha mzigo ukiwa juu ya mizani, namba zikionekana. Picha inaingia kwenye grupu la wachangiaji siku hiyo hiyo. Anayetaka kughushi ataghushi tu, simdanganyi mtu, lakini wachangiaji ishirini wanaojua bei ya soko la Tandale ni wakaguzi wakali kuliko muhuri.

Na kuchangisha kwenyewe tufanye kama harusi, si ndo tunachojua? Kamati, ahadi, mhazini msumbufu anayekumbusha bila aibu. Tofauti ni kwamba harusi ina tarehe na ukumbi, njaa haina kadi. Ukiandika "changieni watoto" watu wanaweka emoji ya mikono. Ukiandika "gunia la mahindi la Agosti limebakiza elfu thelathini" mtu anatuma. Lakini ukweli mchungu ni huu: picha ya watu wamekabidhi katoni huku wamevaa tisheti moja inaleta wachangiaji wengi kuliko picha ya mizani yangu, na tukikataa vitu kabisa kuna watu hawarudi tena. Sijui nifanye nini na hilo. Watoto wenyewe sitaki wawe tangazo, basi.

Wanaong'ang'ania vitu nawapa orodha: taulo za kike, sabuni ya mche, chumvi, daftari, chupi mpya. Mpya, nasisitiza, nguo za ndani za mitumba TBS, shirika la viwango, walishazipiga marufuku na bado naletewa mifuko mizima. Mashati na sweta za mtumba leteni, ila viatu vya mchuchumio kwa mtoto wa darasa la nne, hapana.

Na kama moyo bado unagoma kutuma hela, usitume. Baki nayo mfukoni, njoo Jumamosi twende Tandale wote, utamlipa muuzaji kwa mkono wako mwenyewe. Saa kumi na mbili asubuhi, vaa viatu vya kuchafuka. Sharti ni moja, usitaje yatima mpaka mzigo umepimwa na bei imekubaliwa, kwa sababu ukitaja mapema wapo watakaokupunguzia kwa moyo mweupe, na wapo watakaokwenda nyuma kukuletea lile gunia walilokuwa wanatafuta wa kumpa.