Je, wajua kwamba neno "gereza" lilianzia kanisani?

Asili ya neno "gereza" ni "igreja", ambalo kwa Kireno maana yake ni kanisa. Lilipoingia katika vinywa vya Waswahili, irabu ya mwanzo ilidondoka, konsonanti "g" na "r" zikatenganishwa kwa irabu kama ilivyo desturi ya lugha yetu, na sauti ya "j" ya Kireno, ambayo Kiswahili hakina, ikawa "z".

Maana nayo ilihamaje? Jibu limo Mombasa, katika Ngome ya Yesu, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593 na ndani yake wakaweka kanisa. Jina la jengo hilo moja la ndani likaenea hadi likawa jina la ngome nzima. Waomani walipoiteka mwaka 1698, baada ya kuizingira kwa zaidi ya miaka miwili, ibada za Kireno zilikoma lakini neno likabaki. Ngome ni kuta nene, lango moja na walinzi, kwa hiyo ilifaa pia kufungia watu. Waingereza waliitumia hiyo hiyo kuwa jela tangu 1895 hadi 1958.

Maana ya kati, yaani ngome, bado inaonekana kwa macho Kilwa Kisiwani. Pale ufukweni pamesimama boma la mawe ya matumbawe na chokaa ambalo wenyeji huliita Gereza. Wareno walijenga ngome mahali hapo mwaka 1505, ingawa sehemu kubwa ya kuta za leo ni kazi ya Waomani. Mgeni asiyejua historia ya neno hudhani lilikuwa jengo la wafungwa tu.

Katika matumizi ya leo, "gereza" ndilo neno la kiserikali: Gereza la Ukonga, mkuu wa gereza, Jeshi la Magereza. "Jela", lililotoka katika Kiingereza, hutaja zaidi adhabu, na sarufi yake ni ya pekee, kwa kuwa twasema "amepelekwa gerezani" lakini "amepelekwa jela", bila "-ni".

Neno linaloumiza likitumiwa vibaya ni "mahabusu". Kwa Kiarabu ni mtu aliyefungwa, lakini kwetu ni yule anayeshikiliwa huku kesi yake ikiendelea. Kumwita mfungwa ni kumtia hatiani kabla hakimu hajasema lolote.