Kidonge cha tiroidi kinapoonekana kushindwa

Tezi ya tiroidi imekaa mbele ya shingo, umbo lake kama kipepeo. Ikizembea, mtu huchoka, husikia baridi hata jua la Bukavu likiwaka, choo hufunga, ngozi hukauka. Dawa yake ni levotiroksini, yaani homoni ya tiroidi iliyotiwa kwenye kidonge. Maswali haya ni ya waliokwisha kuongezewa dozi na bado hawaoni nafuu.

Dozi yangu imepandishwa mara tatu, TSH bado iko juu. Dawa ni mbovu?

Huenda dawa ni nzima, ila haifiki kwenye damu. TSH hutoka kwenye tezi ndogo chini ya ubongo na kazi yake ni kuihimiza tiroidi. Ikibaki juu, homoni bado haitoshi. Kabla ya kupandishiwa tena, msimulie daktari asubuhi yako ilivyo. Labda unaamka saa kumi na mbili, unameza kidonge kwa kahawa, muda si muda uji wa sosoma uko mezani, halafu vidonge vya kuongeza damu ulivyopewa kliniki. Basi kidonge kimekwisha kuzingirwa: kahawa inakipunguza, soya ya ule uji pia, na madini ya chuma yanashikana nacho tumboni kikapotelea chooni.

Kimeze kwa maji matupu, kisha subiri nusu saa hadi saa nzima kabla ya kula au kunywa kitu kingine. Chuma, kalsiamu na dawa za kiungulia za kutafuna au za maji zikae mbali nacho kwa saa nne. Omeprazoli ni suala jingine, kwa sababu inapunguza asidi ya tumbo kutwa nzima. Daktari ajue unaitumia. Mama mwenye watoto wa kuwaandaa shule, mimi ningemwambia ameze usiku, zikishapita saa tatu au zaidi tangu alipokula. Asubuhi yake nusu saa ya bure ataitoa wapi?

Angalia pia kopo lenyewe. Kidonge hiki hakipendi joto, mwanga wala unyevu, kwa hiyo juu ya jiko si mahali pake. Na farmasi ikikupa cha kiwanda kingine, mwambie daktari, huenda ukahitaji kupimwa upya.

Nimebadilishiwa dozi wiki mbili zilizopita. Nikapime?

Bado. Subiri wiki 6 hadi 8. Kabla ya hapo unatupa pesa ya labo.

Kuna kinachoweza kufanya dozi iliyotosha isitoshe tena?

Mimba, kwanza kabisa. Ukikosa siku zako, usingoje kliniki ya mwezi wa nne wa mimba. Wahi kupima mimba na TSH, maana mtoto anategemea homoni yako. Rifampisini ya kifua kikuu na baadhi ya dawa za kifafa nazo huimaliza homoni haraka.

Niache sombe na bugali ya muhogo? Nasikia ndiyo iliyoleta rovu, ule uvimbe wa shingo, kule Idjwi.

Idjwi, kisiwa chetu cha Ziwa Kivu, kilijulikana na watafiti kwa rovu kwa sababu iodi ilikuwa haba, na muhogo usiolowekwa vizuri ukazidisha tatizo kwa kuizuia tezi kuchukua ile kidogo iliyopo. Wewe unameza homoni iliyokwisha kutengenezwa. Kula sombe yako, bora muhogo uwe umelowekwa vizuri. Chumvi yenye iodi inatosha. Usijinunulie matone ya iodi, yanaweza kuidhuru tezi iliyo dhaifu.

TSH imekuwa sawa, mimi bado nimechoka. Niongeze nusu kidonge?

Hapana. Dawa ikizidi, moyo hudunda ovyo, mikono hutetemeka na mifupa hudhoofika. Uchovu una mlango zaidi ya mmoja: omba wapime damu kama imepungua, sukari, na useme wazi kama usingizi umekukimbia au moyo umekuwa mzito. Daktari akiona hayo yote hayapo, ndipo mzungumzie dozi tena. Lakini mgonjwa wa tiroidi akianza kulala bila kuamshika, mwili baridi, akili imevurugika, mpelekeni hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane.