Kutoka Uganda hadi bahari kuu kwa tanga: yanayodhaniwa na yaliyo kweli

Mganda anayetangaza kwamba anajiandaa kuacha nyumba yake na kwenda kuvuka bahari kwa mashua ya tanga hukutana na watu wa aina mbili. Wapo wanaocheka, kwa kuwa nchi haina pwani na kutoka Kampala hadi Mombasa ni zaidi ya kilomita 1,100 za barabara; na wapo wanaoogopa kwa niaba yake, wakitaja papa, dhoruba na kuzama. Msimamo wangu, na niuseme mapema, ni kwamba vicheko na hofu hizo kwa sehemu kubwa zimeelekezwa pasipostahili. Mambo mengi yanayovunja safari za namna hii huharibika nchi kavu, miezi mingi kabla ya tanga kupandishwa.

“Nchi isiyo na pwani haina lake baharini”

Dhana hii husemwa hata na watu waliosoma, ingawa sheria ya kimataifa iliikataa zaidi ya miaka 100 iliyopita. Azimio la Barcelona la 1921 lilitambua bendera za meli za nchi zisizo na pwani, na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa 1982, ambao Uganda iliuridhia mwaka 1990, unasema katika kifungu cha 90 kwamba kila dola, iwe na pwani au isiwe nayo, ina haki ya kupitisha meli zenye bendera yake katika bahari kuu. Kifungu cha 125 kinazipa nchi hizo haki ya kuifikia bahari na kurudi. Uswisi, iliyozungukwa na milima na majirani kila upande, ilishinda Kombe la Amerika la mashindano ya mashua za tanga mwaka 2003 kwa mashua yake Alinghi, kisha ikashinda tena mwaka 2007.

Hata hivyo, haki ya dola haimtoshi msafiri. Mashua yake lazima iwe imeandikishwa chini ya sheria za nchi fulani na kubeba hati zake, kwani chombo kisicho na uraia chaweza kusimamishwa na kukaguliwa na manowari ya taifa lolote. Yeye mwenyewe naye hupimwa kwa pasipoti yake, si kwa bendera iliyo juu ya mlingoti. Kenya na Tanzania hazimdai Mganda viza, na Seychelles humpokea bila viza mradi ameomba idhini ya kusafiri mapema, lakini Réunion na Mayotte ni ardhi ya Ufaransa, na anayetia nanga huko bila viza hupata taabu ileile ambayo angeipata uwanja wa ndege. Kabla ya kung'oa nanga Mombasa ni lazima kupita uhamiaji na forodha na kuchukua kibali cha kuondoka bandarini, kwa maana maofisa wa bandari inayofuata hukidai kibali cha bandari iliyotangulia. Cheti cha chanjo ya homa ya manjano nacho kitaulizwa sehemu nyingi kwa sababu msafiri anatoka Uganda. Tangu Julai 2016 cheti hicho ni cha maisha yote, ila huanza kukubalika siku 10 baada ya sindano, jambo ambalo anayechanjwa wiki ya mwisho huligundua akiwa amechelewa.

“Aliyelizoea ziwa ameizoea bahari”

Hapa kuna dhana mbili zinazopingana, na zote mbili zina kasoro. Ya kwanza hulidharau Ziwa Viktoria kana kwamba maji baridi hayaui. Ziwa hilo lina eneo la kilomita za mraba zipatazo 68,800, lakini kina chake cha wastani ni mita 40 hivi, na upepo ukivuma juu ya maji mapana yasiyo na kina kirefu huinua mawimbi mafupi, yaliyosimama wima na kufuatana upesi. Usiku, nchi kavu inapopoa, pepo kutoka pande zote hukutana juu ya maji yenye joto na kuzaa ngurumo zinazowakuta wavuvi kabla ya alfajiri. Boti ya starehe MV Templar ilipozama Novemba 2018 katika wilaya ya Mukono, ikiwa imejaza watu kupita kiasi, zaidi ya 30 walipoteza maisha, na pwani haikuwa mbali. Kwa hiyo anayejifunza tanga kwenye klabu za Entebbe au Kaazi anajifunza kazi ya kweli: kusoma wingu, kupunguza tanga mapema, kugeuza mashua penye mawimbi.

Dhana ya pili ni ya huyo aliyehitimu ziwani na kudhani amemaliza. Ziwa halina maji kupwa na kujaa ya kuhesabika, ilhali Mombasa wakati wa bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa na kupwa kupita kawaida, tofauti kati ya maji makuu na maji kupwa hukaribia mita 4, na mashua iliyotiwa nanga vizuri asubuhi yaweza kupwelewa juu ya matumbawe alasiri. Ziwani chuma huoza polepole. Baharini chumvi huila kila skrubu, na vipande vya zinki vinavyofungwa chini ya mashua ili viliwe badala ya rafadha, yaani panga linaloisukuma mashua, huhitaji kubadilishwa mara kwa mara. Zaidi ya yote, mwanaziwa hajawahi kukaa zamu usiku wa nne mfululizo huku nchi kavu ikiwa mbali kwa siku kadhaa. Namna nafuu ya kuziba pengo hilo ni kuhamia pwani kwa msimu mmoja na kujitolea kama baharia katika mashua za watu, kwa mfano zinazotia nanga kwenye hori ya Kilifi. Njia hiyo pia hujibu kwa kiasi dai la kwamba safari hizi ni za matajiri tu: anayepanda kama baharia hanunui mashua, na anayenunua ajue kwamba makadirio ya kawaida ya matunzo ni sehemu moja ya kumi ya bei yake kila mwaka, iwe imesafiri au imelala.

“Kama hujui kuogelea, usiende”

Hoja hii ndugu huitoa kwanza. Joshua Slocum, mtu wa kwanza kuizunguka dunia peke yake kwa tanga, kati ya 1895 na 1898, hakujua kuogelea. Simtaji ili watu waache kujifunza. Namtaja kwa sababu kuogelea hakusaidii sana pale ambapo wengi hudhani kutasaidia. Mashua inayokwenda kwa mwendo wa noti 5, yaani maili 5 za bahari kwa saa, husonga mbele mita 150 hivi kila dakika, na kichwa cha mtu kati ya mawimbi hupotea machoni upesi. Kinga ni kutoanguka kabisa: mkanda wa usalama unaomfunga baharia kwenye mashua usiku wote na kila bahari inapochafuka.

Mashua ya Slocum, Spray, ilikuwa na urefu wa mita 11 hivi, na hilo lingetosha kwa wanaodai kwamba bahari kuu yataka chombo kikubwa. Chombo kikubwa kina matanga mazito na kamba zenye nguvu kuliko mikono ya watu wawili waliochoka.

Linalostahili kuulizwa ni nini kitatokea mashua ikizama. Novemba 2022, katika mashindano ya Golden Globe ya kuizunguka dunia, mashua ya Tapio Lehtinen wa Finland ilizama ghafla katika Bahari ya Hindi, naye akakaa katika chelezo cha kujiokolea kwa muda wa siku nzima hivi, hadi alipookolewa na mshindani mwenzake, Kirsten Neuschäfer wa Afrika Kusini, ambaye baadaye, Aprili 2023, alishinda mashindano hayo. Kilichomwongoza Neuschäfer hadi kwenye chelezo hicho ni mawasiliano yaliyotokana na kifaa cha kutoa ishara ya hatari, kile kinachopiga kelele kwa setilaiti kwa masafa ya megahezi 406. Simu ya mkononi, ambayo wengi huitegemea, hupoteza mtandao muda mfupi baada ya pwani kutoweka, na redio ya VHF ya chaneli ya 16 huwafikia walio karibu tu. Kifaa hicho cha ishara huandikishwa pamoja na namba za simu za jamaa walio nyumbani, na ishara ikisikika kituo cha uokoaji hupiga namba hizo ili kujua kama chombo kweli kiko baharini, kina watu wangapi na kilikuwa kinaelekea wapi. Jamaa wa Mbarara au Jinja asiyejua lolote kuhusu njia ya safari atakuwa ameulizwa swali ambalo hana jibu lake, na dakika zinakwenda.

“Fungua ramani, piga mstari”

Kutoka Mombasa hadi Mahé katika Seychelles ni maili za bahari kama 950, na mashua ya noti 5 hukata maili 120 kwa siku, kwa hiyo kwa hesabu ya darasani ni siku 8. Hesabu hiyo haijauliza upepo. Kaskazi, unaovuma takriban kati ya Desemba na Machi, hutoka kaskazini-mashariki. Kusi, unaotawala kuanzia Aprili hadi karibu Oktoba, hutoka kusini-mashariki. Na Mahé iko mashariki moja kwa moja. Hakuna hata mmoja kati ya pepo hizo mbili unaomsukuma msafiri kwa nyuma akienda huko. Atapiga bisho, upande huu na upande ule, umbali utaongezeka na mashua itakuwa imelala ubavu kwa siku nyingi, au atasubiri maleleji, pepo zinapobadilishana, na kukubali kukaa siku nyingine bila upepo wowote. Manahodha wa majahazi waliokuja na kaskazi kutoka Uarabuni na kurudi na kusi hawakushindana na kalenda hiyo.

Vimbunga navyo vina kalenda. Katika sehemu ya kusini-magharibi ya Bahari ya Hindi msimu wake ni takriban Novemba hadi Aprili, na Freddy, kilichovuka bahari nzima mwaka 2023 na kuipiga Madagaska, Msumbiji na Malawi, kilidumu Februari hadi Machi. Karibu na ikweta vimbunga ni adimu, kwa sababu athari ya mzunguko wa dunia inayousokota upepo ni hafifu mno hapo. (Wanaowaonyesha watalii maji yakizunguka kwenye beseni pale Kayabwe, kwenye mstari wa ikweta nchini Uganda, wanafanya mchezo tu: beseni ni dogo mno kwa athari hiyo kuonekana, upande wowote wa mstari.) Adimu, hata hivyo, si sawa na kutokuwepo: Mei 2024, wakati msimu ulipodhaniwa kwisha, Kimbunga Hidaya kilifika mwambao wa Tanzania. Ndiyo maana mwezi wa kuondoka huchaguliwa kwanza, na mambo mengine yote, viza, likizo, matengenezo ya mashua, huhesabiwa kurudi nyuma kutoka hapo.

“Ardhi haiendi popote”

Ningekuwa na nafasi ya kumwonya msafiri Mganda kuhusu jambo moja tu, ningechagua hili. Sheria ya Ardhi ya 1998 inasema kwamba mwenye kibanja, yaani anayekaa kwa haki kwenye ardhi ambayo hati yake ni ya mtu mwingine, akiiacha ardhi yote bila kuangaliwa na yeye mwenyewe, mtu wa familia yake au wakala aliyempa mamlaka, kwa miaka 3 au zaidi, huhesabiwa kuwa ameitelekeza. Safari ya Slocum ilichukua zaidi ya miaka 3. Busuulu, kodi ya ardhi anayolipa mwenye kibanja kila mwaka, isipolipwa kwa zaidi ya miaka 2 nayo humfungulia mwenye ardhi mlango wa kuanza hatua za kumwondoa mpangaji. Ahadi ya mdomo kwa binamu kwamba “utaniangalizia” haitoshi pale binamu atakapohamia mji mwingine au atakapogombana na jirani kuhusu mpaka. Panahitajika hati ya uwakili iliyoandikwa na wakili, inayotaja wazi nini mwakilishi anaruhusiwa kufanya na nini hapaswi kugusa. Mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, afahamishwe nani ndiye mwangalizi. Risiti za busuulu zihifadhiwe mahali panapojulikana. Mwenza anayebaki nyumbani ashirikishwe katika yote hayo tangu mwanzo, maana ndiye atakayejibu mlango unapobishwa.

Mambo madogo pia hukomaa kuwa makubwa. Laini ya simu isiyotumika kwa miezi mingi yaweza kufungwa na namba yake kupewa mtu mwingine, pamoja na usumbufu wote wa pesa za simu zilizofungwa nayo. Mkopo wa sako, chama cha kuweka na kukopa, hauahirishwi kwa sababu mkopaji yuko baharini, na mdhamini wake ndiye atakayetafutwa.

“Baharini hakuna mbu”

Ni kweli hakuna, lakini malaria husafiri ndani ya damu. Homa yaweza kuibuka wiki moja, mbili au zaidi baada ya kuumwa, yaani katikati ya njia ya kwenda Mahé, na baharia aliyezoea kupona haraka huidhania kuwa uchovu au kichefuchefu cha bahari. Vipimo vya haraka na dawa mseto viingie katika sanduku la dawa, na meno yatazamwe kabla ya kuondoka. Kichefuchefu chenyewe si dalili ya udhaifu. Nelson, amiri wa Uingereza, kilimsumbua maisha yake yote, na kwa watu wengi hupungua baada ya siku 2 au 3.

Limebaki suala la kuaga. Kwetu kuaga ni sherehe, na tayari nimesikia mipango ya kukodi basi kutoka Kampala ili ukoo mzima usimame gatini kwa siku iliyochapishwa kwenye kadi za mwaliko. Nahodha anayetazamwa na watu wote hao hung'oa nanga hata utabiri wa hewa ukimkataza. Sherehe ifanyike nyumbani wiki kadhaa kabla, na kadi zitaje mwezi wa kuondoka bila tarehe.