Una F ya hesabu na unataka kusomea udaktari? Soma kabla hujalipia maombi

Kila Julai, matokeo ya kidato cha sita yakishatoka na dirisha la udahili likifunguliwa, ofisi za udahili za vyuo vya afya hapa Mwanza hupokea swali lilelile kwa sura tofauti. Kijana wa Nyegezi anauliza kama Division IV ya kidato cha nne itamfungia njia. Mwingine alidisko, yaani aliondolewa masomoni kwa kufeli, mwaka wa kwanza katika chuo kingine na anaogopa kulitaja. Tabibu mwenye stashahada kutoka kisiwani Ukerewe, aliyehudumia wagonjwa kwa miaka, amekuja na bahasha ya kaki yenye vyeti vyote na barua mbili za sifa njema kutoka kwa mganga mkuu wake.

Barua hizo huwa tunamrudishia, na kwa heshima zote, hazina pa kuwekwa. Wengi wanaotuuliza wamesoma ushauri wa Marekani, ambako mwombaji hufanya mtihani wa MCAT, huandika insha ya kujieleza na huitwa kwenye usaili. Huko mtu anaweza kueleza alivyofiwa na mzazi akafeli, na alivyoinuka baadaye. Kwetu fomu ya shahada ya udaktari haina ukurasa wa kujieleza. Mfumo unasoma alama zako somo kwa somo na kuzilinganisha na sifa ya chini iliyowekwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU. Waweza kuona ni ukatili. Mimi naona una nafuu yake: hakuna anayekuuliza kwa nini ulifeli mwaka ule, mradi leo sehemu inayohitajika imejazwa.

Kwa mhitimu wa kidato cha sita, sifa ya chini ya udaktari ni kufaulu Fizikia, Kemia na Baiolojia kwa jumla ya pointi zisizopungua 6, na kila somo liwe na angalau D. Hesabu yake ni A pointi 5, B 4, C 3, D 2 na E 1. Hapo wengi hujikwaa. Mwenye C ya Kemia, C ya Baiolojia na E ya Fizikia ana pointi 7, anaona amevuka, analipa ada ya maombi katika vyuo vitatu na kukataliwa kote. Mwenzake mwenye D tatu, pointi 6 tu, ana sifa ya kuomba. E ile ya Fizikia ndiyo imemwangusha wa kwanza. D ya kidato cha sita inaanzia alama 50 na E inaishia 49, kwa hiyo kinachomtenganisha na foleni ya udaktari kinaweza kuwa alama moja katika somo moja.

Waliomaliza kidato cha sita mwaka 2014 na 2015 wawe waangalifu zaidi. Vyeti vyao vina B+, na katika mizani ya miaka hiyo C ndiyo yenye pointi 2, huku D ikiwa na 1. Usijilinganishe na mdogo wako aliyemaliza 2020.

Kuwa na sifa ya chini bado si kupata nafasi. Nafasi za udaktari ni chache, na wenye alama za juu huchukuliwa kwanza, hasa katika vyuo vya serikali. Mwenye D tatu asiweke mayai yote Muhimbili.

Sasa nirudi kwa tabibu wetu wa Ukerewe, kwa sababu watu wa aina yake ndio wanaoniuma kuliko wote. Stashahada ya utabibu huchukua miaka mitatu, na kuingia huko kunahitaji ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini kidato cha nne, yakiwamo Kemia, Baiolojia na Fizikia. Hesabu na Kiingereza huhesabiwa kuwa nyongeza nzuri tu. Ndiyo maana mtu mwenye F ya hesabu anapokelewa, anasoma, anafaulu vizuri, anaajiriwa. Lakini akitaka kupanda kwenda shahada ya udaktari, TCU inadai GPA, yaani wastani wa alama za chuo, isiyopungua 3.0 kwenye stashahada, pamoja na angalau D ya kidato cha nne katika Hisabati, Kemia, Baiolojia, Fizikia na Kiingereza. Vyote vitano. GPA ya 4.2 haifidii F ya hesabu, wala miaka yake ya kuzalisha akina mama usiku kwa mwanga wa tochi haifidii. Laiti angeambiwa siku anajiunga na stashahada, angeirudia hesabu wakati bado anakumbuka vipeo na logarithimu.

Dawa ipo: kurisiti, yaani kurudia mtihani. Unajisajili kama mtahiniwa wa kujitegemea wa Baraza la Mitihani, NECTA, katika kituo kinachopokea watahiniwa hao. Usajili hufanyika miezi ya mwanzo wa mwaka, mtihani wa kidato cha nne unafanyika Novemba na matokeo hutoka Januari. Aliyekwisha kufanya mtihani halazimiki kurudia masomo yote, anachukua lile linalomkwamisha. Kwa kidato cha nne D inaanzia alama 30. Narudia, 30 kwa 100. Hesabu huangusha watu wengi kuliko somo lolote, lakini mtu mzima aliyekaa na mwalimu mmoja jioni kwa miezi minane, akashika takwimu, seti, uwiano na hesabu za biashara kabla ya kuhangaika na yale magumu, ana kila sababu ya kufika hapo. Anayerudia Fizikia, Kemia au Baiolojia aulize kwanza kama kituo kina maabara, maana kuna pepa ya vitendo.

Matokeo mapya hayafuti yale ya zamani. Unabaki na namba mbili za mtihani: ya shule inayoanza na S, na ya kujitegemea inayoanza na P. Kwenye fomu ya chuo ziweke zote mbili. Kila mwaka wapo wanaoingiza ile ya P peke yake, wakidhani ndiyo nzuri, mfumo ukakuta somo moja tu na kuwatupa nje. Wengine huificha ile ya S kwa aibu ya Division IV. Divisheni ya jumla haina uzito hapo, yanayotazamwa ni masomo.

Mwenye stashahada ana hatua moja zaidi: namba ya uhakiki ya NACTVET, baraza linalosimamia elimu ya ufundi na vyuo vya kati. Namba hiyo inaitwa AVN. Iombe mapema, kwa sababu chuo chako kisipokuwa kimepeleka matokeo yako huko, utazungushwa wakati dirisha linafungwa. Waliosoma sekondari Uganda au Kenya, na kando ya ziwa hili ni wengi, waanzie NECTA kupata ulinganifu wa vyeti vyao.

Kuhusu kudisko nitasema kifupi. Vyuo hupeleka TCU taarifa za waliodahiliwa, kwa hiyo jina lako limo kwenye kumbukumbu, ulitaje usilitaje. Chukua barua ya kuondolewa masomoni na rekodi ya matokeo kutoka chuo cha kwanza, kisha omba upya kwa vyeti vyako vya sekondari kama mwanafunzi mpya wa mwaka wa kwanza. Kama ulikuwa na mkopo, nenda Bodi ya Mikopo kwanza. Miongozo yake imekuwa ikitaka aliyeacha masomo alipe sehemu ya deni la awali kabla ya kuomba tena.

Kosa ambalo halirekebishwi kwa kurisiti ni cheti kisicho chako. Aprili 2017 ripoti ya uhakiki iliyokabidhiwa kwa Rais Magufuli mjini Dodoma ilitaja watumishi wa umma 9,932 wenye vyeti vya kughushi. Ripoti hiyohiyo ilikuta vyeti 1,538 vikitumiwa na watu 3,076. Kanda ya Ziwa tunaijua asili ya hayo ya pili: mtoto aliyefeli darasa la saba alirudishwa darasani kwa jina la mwingine aliyeacha shule, na wazazi na walimu wote waliona ni msaada. Ukiwa katika hali hiyo, hati ya kiapo ya mahakamani haigeuzi cheti cha mtu mwingine kuwa chako. Pata mwanasheria na uende NECTA kabla hujajaza fomu yoyote. Siku ya usajili vyeti halisi huwekwa mezani pamoja na cheti cha kuzaliwa, majina yanasomwa herufi kwa herufi, na mbele kuna miaka mitano ya masomo, mwaka wa utarajali (mafunzo ya kazi hospitalini) na usajili wa Baraza la Madaktari Tanganyika. Kote huko vyeti hivyohivyo vinaombwa tena. Nimeona ni afadhali mtu akwame mwanzoni kuliko mwaka wa nne, familia ikiwa imeshauza ng'ombe. Aliyeandikwa Masanja cheti kimoja na Massanja kingine hana sababu ya kupoteza usingizi, hilo hutatuliwa kwa hati halali ya majina, ila atengeneze mapema.

Jambo la mwisho ni muda. Miongozo ya karibuni ya Bodi ya Mikopo imekuwa ikipokea waliohitimu kidato cha sita au stashahada ndani ya miaka mitano. Anayepanga kurisiti mwaka huu, tena mwakani, afanye hesabu hiyo kabla, maana ada ya udaktari katika chuo binafsi ni ya mamilioni kila mwaka. Na maombi yafanye mwenyewe kwenye tovuti ya chuo, kwa simu yako na barua pepe yako. Ukichaguliwa zaidi ya chuo kimoja, namba ya siri ya kuthibitisha udahili inatumwa kwenye simu iliyoandikwa kwenye fomu. Kama simu hiyo ni ya wakala wa pale stendi, yeye ndiye atakayekuchagulia chuo.